Nyuki hatulii hata kidogo: mnawezaje kupata macho yake ndani ya fokasi kwenye picha ya karibu?

ChavuaKidogo

Wakuu, habari zenu. Naombeni msaada kwa wale wanaopiga picha za nyuki na wadudu wengine wasiotulia.

Ninachokitafuta ni uso wa nyuki akiwa kazini juu ya ua, macho yamo ndani ya fokasi kiasi cha kuona zile nywele zilizoota juu ya jicho lenyewe, na chembe za chavua zilizonasa humo. Nimeona picha za namna hiyo na haziniondoki kichwani. Simtaki nyuki aliyekufa akabandikwa kwa pini. Namtaka aliye hai, anaendelea na shughuli zake.

Vifaa nilivyonavyo ni kamera yenye kihisi (kipande kinachonasa picha) cha ukubwa wa APS-C, lenzi ya makro, yaani ya picha za karibu, ya milimita 100 inayofika 1:1 (mdudu anaangukia kihisini kwa ukubwa wake halisi), na flashi moja ya kuchomeka juu ya kamera. Natumia f/4 (tundu la lenzi; namba ikipanda tundu linakuwa dogo) ili nipate mwanga wa kutosha, shata 1/500, fokasi naiachia kamera. Matokeo yake fokasi inahangaika mbele na nyuma, ikija kukaa nyuki kashahamia ua jingine. Nikibahatika, mgongo unatoka vizuri na macho yamefifia. Mabawa ni ukungu mtupu. Nikiwasha flashi, nyuma panakuwa peusi tii na mgongo wa nyuki unatoka na mabaka meupe yanayong'aa.

Nauliza: fokasi niifanye kwa mkono? Shata iwe kasi gani? Flashi inawasumbua? Na kuhusu kuumwa, mnakaa nao karibu kiasi gani bila matatizo? Mdogo wangu naye anataka kujaribu kwa simu yake, sijui kama kuna maana.

---

MamaMizinga

Karibu sana ChavuaKidogo. Mimi ni mfuga nyuki na nawapiga picha pia, kwa hiyo nitaanza na nyuki, kamera itafuata. Naamini kabisa kwamba nusu ya picha hizi hupatikana kabla hujagusa shata.

Kwanza acha kumfukuza. Ukimfukuza utapata migongo tu, kwa sababu muda wote anakukimbia. Nyuki anayetafuta chakula ana utaratibu wake, na ukiujua unamtangulia. Nyuki wa asali akitoka mzingani, safari nzima hushikilia aina moja ya ua hata kama pembeni kuna mengine yaliyochanua. Basi usizunguke bustani yote. Tafuta fungu moja la maua wanalolishughulikia saa hiyo, piga goti hapo, subiri waje kwako. Kwenye maua yaliyopangana juu ya bua lililosimama, wengi huanzia chini wakapanda. Ukimwona katua ua la chini, lenzi yako iwe imeshalenga la juu yake. Atafika.

Kama kuna alizeti, anza na hizo. Ua la alizeti ni mkusanyiko wa vijiua vingi vinavyofunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati, kwa hiyo siku yoyote ile kuna mviringo mmoja tu wenye chavua na mbochi. Nyuki anatembea juu ya mviringo huo akiuzunguka, anachovya ulimi, anasogea, anachovya tena. Njia yake unaijua kabla hajaipita. Unaweka fokasi kwenye kipande kimoja cha mviringo, na kila anayezunguka anakuja kupita mbele yako uso kwa uso.

Angalia pia miguu ya nyuma. Aliyejaza vikapu vyake vya chavua hadi vimetuna yuko karibu kurudi nyumbani, utampoteza. Mwenye vidonge vidogo bado ana maua mengi mbele yake. Mfuate huyo.

Halafu kuna dakika ambayo watu wengi hawaijui: anapojisafisha. Akishapakaa chavua sana, hutua kwenye jani au ukingo wa petali na kuanza na vipapasio. Anainua mguu wa mbele, anakiingiza kipapasio kwenye pengo dogo la mviringo lenye vinywele lililoko kwenye mguu huo, anakivuta polepole kutoka shinani hadi nchani. Kimoja, kisha cha pili. Kichwa kinatulia, uso uko wazi, na mara nyingi anarudia. Picha zangu za uso ninazozipenda karibu zote zimetoka hapo. Akiwa anakunywa mbochi pia hutulia, lakini kwenye ua lenye shimo refu uso unakuwa umezama ndani, hupati kitu.

Sasa namna ya kumkaribia. Macho ya nyuki yana vijilenzi maelfu kila upande, hayaoni umbo kwa undani kama yetu ila mwendo yanauona haraka mno. Nenda polepole kwa mwendo usiokatika, na kivuli chako kisipite juu ya ua. Kivuli kinawaondoa upesi kuliko lenzi. Usimpumulie, pumua pembeni au zuia pumzi ukiwa karibu kabisa.

Kuumwa: nyuki aliyeko kwenye maua mbali na mzinga hana cha kulinda. Ukimbana kwa kidole au akinasa kwenye nguo atauma, vinginevyo atahama tu. Mzingani ni habari nyingine. Usisimame mbele ya mlango wao wala kwenye njia wanayorukia. Akikuuma mmoja pale, mwiba unaachia harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na hiyo ndiyo inayowaita wenzake. Ondoka, ukwangue mwiba utoke mara moja, picha zitasubiri. Mwenye mzio wa sumu ya nyuki asifanye shughuli hii peke yake wala bila dawa yake ya dharura mfukoni.

Kamera sasa. Ukiwa 1:1 na f/4 kwenye kihisi cha APS-C, kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linalotoka kali, ni kama theluthi ya milimita. Kichwa cha nyuki kina upana wa kama milimita 4. Ndiyo maana mgongo unakaa na macho yanakosa: nafasi haipo. Nenda f/11 na kina kinakaribia milimita 1. Halafu, hili ni muhimu kuliko tundu la lenzi, rudi nyuma. Piga kwa 1:2 badala ya 1:1, na kwa f/11 hiyohiyo unapata zaidi ya milimita 2 na nusu, karibu mara tatu. Picha utaikata baadaye kwenye kompyuta. Usiende f/22 ukidhani utapata zaidi, maana kwenye ukuzaji wa 1:1 lile tundu la f/11 tayari linatenda kama f/22, na mwanga unaopenya tundu dogo mno hutawanyika ukalainisha picha nzima.

Fokasi ifanye kwa mkono, lakini usizungushe pete. Iweke kwenye umbali unaoutaka, iache, kisha wewe ndiye usogee. Egemea mbele kidogo kidogo, mwili wote pamoja na kamera, na jicho likianza kuwaka ndani ya kioo cha kutazamia, bonyeza picha tatu nne mfululizo huku ukiendelea kusogea. Moja itakuwa imepita kwenye jicho.

Na mkono wa kushoto usiuache bila kazi. Shika bua la ua kwa kidole gumba na cha shahada, halafu laza pipa la lenzi juu ya mkono huohuo. Kuanzia hapo ua, nyuki na lenzi vinayumba pamoja. Upepo ukivuma, vyote vinakwenda upande mmoja. Unaweza hata kuligeuza bua taratibu mpaka uso wa nyuki ukuelekee. Akiwa amezama kwenye mbochi hajali.

---

JuaLaAsubuhi

MamaMizinga kamaliza habari ya nyuki, sina cha kuongeza hapo. Ila kwa f/11 atalazimika kutumia flashi, na mimi flashi situmii kabisa. Napenda rangi ya ua ibaki kama ilivyo na nyuma yake pawe na kijani, si giza.

Mpangilio wangu: f/5.6, shata 1/1600, ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) naiacha ipande hadi 3200. Kamera za sasa zinaivumilia bila shida. Sipigi jua la mchana kali kwa sababu kila unywele unakuwa na kivuli cheusi. Siku yenye wingu jembamba ndiyo siku yangu, anga zima linakuwa taa moja laini. Asubuhi jua likiwa chini pia ni sawa. Nampiga nyuki akiwa kati yangu na jua ili manyoya yapate mstari wa mwanga, na upande wangu naweka kipande cha karatasi nyeupe nje kidogo ya fremu kirudishe mwanga usoni.

Kwa kuwa f/5.6 haina kina, chagua upande. Ukimpiga ubavuni, hakikisha mwili wake umelala sambamba na kihisi cha kamera, jicho, kifua na bawa vyote viwe umbali mmoja. Ukimpiga usoni, kaa katikati kabisa ili macho yote mawili yalingane. Robo ya kugeuka tu na jicho moja limetoka nje ya fokasi.

Mabawa yenye ukungu mimi sioni kama ni tatizo. Mdudu anaruka, bawa linasogea. Kwa nini tulifanye lionekane limekufa?

---

ChavuaKidogo

Mama, asante sana, hilo la kushika bua na kulaza lenzi mkononi nimelijaribu leo hii na tofauti niliiona palepale. JuaLaAsubuhi, nawe asante, karatasi nyeupe naikata kesho.

Lakini bado naitaka flashi ifanye kazi, kwa sababu muda wangu wa bure ni jioni na mwanga unakuwa umeshapungua. Pia ningependa walau picha moja ambayo mishipa ya bawa inahesabika. Naomba nieleweshwe: shata yangu inafika 1/4000, kwa nini hata hapo bawa halijatulia?

---

MamaMizinga

Piga hesabu mwenyewe. Nyuki wa asali hupiga mabawa kama mara 230 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/1000, bawa limeshapita robo ya mzunguko wake, yaani karibu nusu ya safari ya kutoka juu hadi chini. Ncha ya bawa, ambayo iko kama sentimita 1 kutoka begani, inakwenda takribani mita 7 kwa sekunde. Kwa 1/4000 imesogea karibu milimita 2. Kwenye picha ya karibu milimita 2 ni ukungu wa waziwazi. Huwezi kulisimamisha kwa shata ya kawaida. Ni mwako wa flashi tu unaoweza.

Na hapa ndipo watu wanapojichanganya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Flashi ndogo ya juu ya kamera haipunguzi mwanga kwa kuwaka hafifu, inapunguza kwa kukata mwako mapema. Ikiwa kwenye nguvu kamili, mwako hudumu takribani 1/1000 ya sekunde, wakati mwingine zaidi ya hapo. Ukiishusha hadi 1/32 ya nguvu, mwako unafupika kufika kama 1/10,000 na chini yake. Kwa hiyo nguvu ndogo ndiyo inayomgandisha mdudu. (Taa nyingi za studio ni kinyume, zikishushwa nguvu mwako hurefuka. Usiazime ya studio ukitegemea matokeo haya.) Nguvu ikiwa ndogo, flashi lazima iwe karibu sana na nyuki, na kwa makro hilo ni rahisi, kwa kuwa uko naye sentimita chache tu mbele ya lenzi.

Shata nayo ibaki kwenye kasi inayoendana na flashi, kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Usiwashe ule mtindo wa flashi ya kasi kubwa unaokuruhusu kwenda 1/2000. Ukiuwasha, flashi haitoi mwako mmoja mfupi tena. Inapepesa mfululizo muda wote pazia la shata linapopita, na faida yote imepotea.

Mabaka meupe: ganda la nyuki linang'aa, na kitu kinachong'aa hurudisha umbo la taa iliyokimulika. Kichwa cha flashi ni kidogo, kwa hiyo unapata doa dogo kali. Dawa ni kuifanya taa iwe kubwa machoni pa nyuki. Mimi nimetengeneza kitandaza mwanga kwa karatasi nyeupe inayopenyeza mwanga, ile ya kunakilia michoro, nimeikunja kama paa juu ya lenzi kuanzia kwenye kichwa cha flashi mpaka mbele ya kioo cha lenzi, ikainama kidogo kumfunika nyuki kwa juu. Tabaka mbili zenye nafasi kati yake ni bora kuliko moja nene. Plastiki nyeupe ya chupa au karatasi ya povu la kufungashia vifaa vinafaa pia. La kuzingatia ni mambo mawili tu, iwe pana na iwe karibu. Ukiisogeza mbali na mdudu inakuwa taa ndogo tena, hata ikiwa pana namna gani. Macho ndiyo yatakayokuonyesha kama umefaulu: ukiona kwenye jicho doa moja la duara, bado, ukiona wingu pana la mwanga linaloisha taratibu na vijilenzi vinaonekana ndani yake, umefika.

Weusi wa nyuma: mwanga wa flashi hupungua kwa mraba wa umbali. Kama nyuki yuko sentimita 10 kutoka kwenye taa na majani ya nyuma yako mita 1, majani yanapata sehemu moja ya mia ya mwanga anaoupata nyuki. Lazima yawe meusi. Chagua ua ambalo lina jani au ua jingine sentimita chache nyuma yake, nalo litapata mwanga. Au pandisha ISO hadi 400 au 800 ili mwanga wa mazingira uingie kidogo. Usizidishe, kwa sababu ukiruhusu mwanga mwingi wa mazingira kwa 1/200 unapata nyuki wawili, mmoja mkali wa flashi na mwingine kivuli chake anayesogea.

JuaLaAsubuhi, kuhusu bawa tunakubaliana zaidi ya unavyofikiri. Mimi mwenyewe nikimpiga anayepaa napenda ncha ya bawa ibaki na ukungu kidogo. Lakini anayetaka kuona zile ndoano ndogo zinazoliunganisha bawa la mbele na la nyuma, kwa mwanga wa jua peke yake hatazipata kwa nyuki anayeruka.

Kusumbuliwa na flashi: nimewaangalia kwa makini sana juu ya hili kwa sababu ni nyuki wangu. Aliye kwenye ua anaendelea kunywa. Kinachomwondoa ni mkono uliosogea ghafla, au kile kitandaza mwanga kikigusa petali.

---

Kiwavi_Mkubwa

Kwa upande wa simu nitajibu mimi, maana simu ndiyo kamera yangu pekee. Maana ipo, na kubwa.

Simu ina kihisi kidogo, na kihisi kidogo kinakupa kina kikubwa cha fokasi bila kuhangaika. Pale ambapo mwenye kamera kubwa anapata jicho tu, simu inakupa nyuki mzima. Shida ya simu ni umbali. Ule mtindo wa makro kwenye simu nyingi unatumia lenzi pana na unataka usogee sentimita 3 au 4 hivi, na hapo kivuli cha simu kimeshamfunika mdudu. Kama simu ya mdogo wako ina lenzi ya kuvuta mbali, atumie hiyo akiwa amerudi nyuma, akiweza aongeze lenzi ya kubana kwa klipu mbele yake. Umbali unaongezeka na nyuki hashtuki.

Afunge fokasi kwa kubonyeza kioo na kushikilia kidole, kisha asogee yeye mbele na nyuma, ni ileile mbinu ya Mama. Apunguze mwanga kidogo kwa kuburuta ile alama ya jua chini, la sivyo petali nyeupe na njano zinaungua. Ashikilie kitufe apige mfululizo. Na asipige video akidhani atatoa picha humo. Kwenye mwanga hafifu shata ya video ni ya polepole, kila fremu inatoka na mburuzo.

Aanze na wadudu wanaokaa. Kereng'ende hurudi kwenye kijiti kilekile alichoondoka. Ukimkosa, usimfuate, baki hapohapo.

---

MpigaKaribu

Nimesoma kote. Naona hakuna aliyetaja njia fupi: kuna watu wanamweka nyuki kwenye friji dakika chache, akitoka hajiwezi, unampanga kwenye ua unampiga kwa raha zako. Mnaionaje? Unaweza hata kupiga picha nyingi zenye fokasi tofauti na kuziunganisha.

---

MamaMizinga

Siikubali, na nasema hivyo bila kuzunguka. Nyuki akipoa chini ya takribani nyuzi 10 anaganda, misuli haifanyi kazi. Ukimtoa hapo hujui kama atarudi kuwa mzima, na aliyechelewa kupata joto anashindwa kurudi mzingani. Tena picha yenyewe inajieleza: miguu imekunjamana chini ya tumbo, vipapasio vimeshuka, ulimi wakati mwingine umetoka. Anayewajua nyuki anaiona mara moja. Unampiga mdudu mgonjwa halafu unaandika chini kwamba yuko kazini. Huo ni uongo.

Unachokitafuta kwenye friji kipo nje bure, asubuhi. Ili aruke, nyuki lazima misuli ya kifua iwe na joto linalokaribia nyuzi 30 au zaidi, na huipasha kwa kuitetemesha bila kupiga mabawa. Kabla jua halijawafikia wako taratibu mno. Na wapo nyuki wapweke, wasioishi kwenye mzinga, ambao madume wao hulala nje usiku kucha wameng'ata ncha ya kijiti au ukingo wa jani kwa taya, miguu imejikunja, mwili umenyooka hewani. Wakati mwingine wamepangana kadhaa kwenye bua moja. Watafute jioni jua linapozama, kwenye mabua makavu na nyasi ndefu, uweke alama mahali, urudi alfajiri. Tumia taa nyekundu kutafuta fokasi, kwa kuwa nyuki rangi nyekundu hawaioni vizuri. Hapo ndipo kuunganisha picha kunawezekana kweli: kamera kwenye tripodi, f/5.6, unasogeza fokasi robo ya milimita kila picha kuanzia ncha ya kipapasio hadi nyuma ya jicho. Mara nyingi ana umande juu ya nywele. Ukiona tumbo limeanza kutuna na kunywea harakaharaka, anajipasha. Maliza, muda umekwisha.

---

ChavuaKidogo

Nimeelewa, na kuhusu friji niko upande wako Mama, hata wazo lenyewe limenikera.

La mwisho, msinichoke. Aliye hewani kabisa, mbali na ua. Inawezekana kwa flashi moja na mkono, au mpaka uwe na mitambo?

---

MamaMizinga

Mitambo inasaidia. Stephen Dalton, mpiga picha wa Uingereza, miaka ya 1970 alijitengenezea flashi zenye mwako wa takribani 1/25,000 ya sekunde pamoja na mwale wa mwanga ambao mdudu akiukata, kamera inajipiga yenyewe. Picha yake ya mdudu anayeruka penye maua imo kwenye ile diski ya dhahabu iliyopelekwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977. Hiyo ndiyo picha ya mdudu waliyoona inafaa kuwaonyesha viumbe wa mbali.

Lakini kwa mkono inawezekana. Nyuki anapotaka kutua hapigi mbio mpaka kwenye petali. Anapunguza mwendo, na karibu kabisa na ua anakuwa kama amesimama hewani, miguu imening'inia, vipapasio vimeelekezwa mbele. Hapo ndipo pako. Weka ukuzaji mdogo, kama 1:3, f/11, flashi 1/32, fokasi iweke sentimita 1 au 2 mbele ya ua analolielekea, upande anaotokea. Usimtazame kupitia kioo akiwa mbali. Mtazame kwa jicho la pili lililo wazi, na akiingia kwenye nafasi hiyo bonyeza. Utapata fremu nyingi tupu, na hazigharimu kitu.

Kabla ya nyuki, fanya mazoezi na wale nzi wa maua wenye mistari ya njano wanaofanana na nyigu. Dume la nzi hao huning'inia hewani mahali pamoja, likifukuza mwingine linarudi palepale. Weka fokasi kwenye hiyo nafasi, egemeza viwiko kwenye magoti, lisubiri. Ukishaweza kulijaza kwenye fremu macho yakiwa safi, rudi kwa nyuki.

---

JuaLaAsubuhi

Nyongeza ndogo kwa ChavuaKidogo: ukianza na wale nzi, zima ile sauti ya shata kama kamera yako inaruhusu, na funga mkanda wa kamera usipeperuke mbele ya lenzi. Mkanda unaopepea umeniharibia wadudu wengi kuliko upepo. Picha ya kwanza ikikaa sawa, iweke humu, tunaisubiri.